Kipimo Hasi na Daktari wa Tatu: Kisa cha Kutafuta Jibu la Seliaki

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na mambo yanayowapata tena na tena Waswahili wanaoishi Uingereza, na namba za maabara zilizomo ni za aina inayoonekana mara kwa mara kwenye majibu ya wagonjwa wa namna hii. Mhusika tumwite Zuhura. Ana miaka 36, mzaliwa wa Tanga, anaishi Leicester na mumewe na watoto wawili, na kazi yake ni kuhudumia wazee kwa zamu.

Kwa miaka kadhaa tumbo lake lilikuwa likijaa gesi, choo laini mara tatu hadi nne kwa siku, uchovu wa kulala usiku kucha na kuamka hoi, na vidonda vya mdomoni vinavyopona upande huu vikiota upande ule. Kabla hajahamia Uingereza alishatibiwa amiba zaidi ya mara moja, na vidonda vya tumbo bila kupimwa. Dada yake mkubwa aliyebaki Tanga anatumia dawa za tezi ya shingo kwa ugonjwa wa kinga ya mwili. Habari hiyo ya dada haikuingia kwenye faili lake mpaka mwisho kabisa, nayo ilikuwa na uzito.

Alionwa na madaktari watatu wa kituo kimoja cha GP, yaani daktari wa familia. Wa kwanza alikuwa na haraka, wa pili mpole na msikivu, wa tatu mkavu. Aliyemfikisha kwenye jibu ni yule mkavu, na aliyemchelewesha zaidi ni yule mpole. Ndiyo sababu tumeona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua. Wagonjwa wengi hutafuta daktari wa kuwafariji, wakampata, na jibu likazidi kuwa mbali.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Seliaki ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mtu mwenye vinasaba vinavyouruhusu anapokula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga yake huushambulia utumbo mwembamba na kuvibapa vijidole vidogo vinavyofyonza chakula. Madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo huo, na ndiko madhara yanakoanzia, kwa hiyo damu hupungua mapema, wakati mwingine kabla hata tumbo halijasema kitu. Uingereza ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100, na wengi wao hawajajulikana.

Lipo wazo kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na baadhi ya madaktari hulibeba bila kulisema. Kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuripotiwa duniani kilipatikana Afrika: watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, asilimia 5.6, utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Ngano ilipoingia kwa wingi kwenye chakula chao, ugonjwa ulijitokeza.

Ziara ya kwanza: dakika kumi na mkalimani wa miaka 13

Zuhura alikwenda na mwanawe akamtafsirie. Kijana alieleza uchovu, akaeleza kizunguzungu, na ilipofika habari ya choo na hedhi ya mama yake akanyamaza, akaangalia viatu vyake. Daktari akaandika alichosikia: uchovu. Miadi ya kawaida ya GP ni dakika kama 10, na tano zilikuwa zimeshakwenda.

Hapa pana jambo ambalo jamaa wengi hawalijui. Mkalimani wa kitaalamu hulipiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mgonjwa halipi chochote, na huombwa siku ya kuweka miadi, mara nyingi huwa kwa simu. Mtoto asipewe kazi hiyo hata kama Kiingereza chake ni cha kuzaliwa nacho. Ugonjwa huu unaelezwa kwa choo, gesi, hedhi na mimba zilizoharibika, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtoto wa Kiswahili atakitamka mbele ya mama yake na mgeni.

Damu ilionyesha hemoglobini 98 g/L (kwa namba za nyumbani ni 9.8; mwanamke mzima hutarajiwa kuwa na 120, yaani 12.0, au zaidi), chembe nyekundu ndogo kuliko kawaida, na ferritini 5, ambayo maana yake ghala la chuma ni tupu. Daktari alihitimisha kuwa ni hedhi. Akaandika feri salfeti ya miligramu 200, kidonge kimoja kwa siku kwa miezi mitatu.

Hitimisho lile lina mantiki, maana wanawake wengi wa umri huo hupoteza chuma kwa hedhi. Ila angemuuliza angesikia kwamba hedhi ya Zuhura ni siku nne na ni nyepesi. Na mwongozo wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba kwa madaktari wa Uingereza, namba NG20 wa Septemba 2015, unataka mtu mwenye upungufu wa chuma usio na maelezo apewe kipimo cha seliaki. Wataalamu wa tumbo wa Uingereza wanakadiria kuwa seliaki hupatikana kwa asilimia 3 hadi 5 ya wenye upungufu wa damu unaotokana na chuma. Kipimo chenyewe ni kichupa kimoja zaidi cha damu kwenye sindano ile ile.

Kwa mgonjwa mwenye asili ya Afrika upo mtego mwingine. Chembe nyekundu zikiwa ndogo, daktari anaweza kufikiria thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kuishia hapo. Thalasemia peke yake haishushi ferritini. Ferritini ikiwa 5, chuma kimekwisha, iwe thalasemia ipo au haipo, na lazima iulizwe kimekwenda wapi.

Vidonge alivinywa miezi mitatu. Hemoglobini ikatoka 98 hadi 101. Kwa mtu ambaye utumbo wake unafyonza vizuri, hemoglobini hupanda angalau 10 ndani ya wiki mbili, na karibu 20 ndani ya wiki tatu au nne. Kupanda kwa 3 ndani ya miezi mitatu kulipaswa kumshtua mtu. Lakini Zuhura alikuwa akinywa kidonge asubuhi na kikombe cha chai ya maziwa, na chai huzuia chuma kufyonzwa. Palikuwa na maelezo mawili, la chai na la utumbo, na hakuna aliyeyatenganisha. Njia ya kuyatenganisha ni rahisi: kidonge kinywewe kwa maji, tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula, chai ikae mbali, kisha damu irudiwe baada ya wiki nne.

Ramadhani kama ushahidi

Kila Ramadhani hali ilimzidi. Nyumbani walisema ni gesi ya kufunga, na yeye akaamini. Tazama alichokuwa akila. Siku za kawaida ni wali, ugali, maharage, samaki, mchicha. Ngano ni andazi moja asubuhi, basi. Ramadhani futari ilikuwa na sambusa, kaimati, chapati, tambi za sukari, na mkate wa mayai wageni wakija. Mihogo na uji wa mtama vilikuwepo mezani, ila mkono haukufika huko. Gluteni yake kwa siku ilipanda mara tatu au nne kwa mwezi mzima, na tumbo likamwendesha mpaka wiki ya pili ya Shawwal.

Daktari anayejua kuhoji angeona hapo jaribio lililojifanya lenyewe kila mwaka. Kwa sababu hiyo tunawashauri wagonjwa wa Afrika Mashariki wasijibu swali la chakula kwa kusema tu wanakula kawaida. Chakula cha kawaida cha Mzungu ni mkate mara tatu kwa siku. Chakula cha kawaida cha Zuhura kingeweza kukosa ngano siku nzima, na jambo hilo, kama tutakavyoona, lina uwezo wa kukiharibu kipimo.

Ziara ya pili: upole uliofunga mlango

Daktari wa pili alimkaribisha vizuri. Alimpa muda, akamsikiliza yeye na mumewe, akamwambia anamwamini. Akasema dalili zinalingana na utumbo nyeti, ule unaoitwa IBS, na kwa kuwa Zuhura mwenyewe ameona ngano inamsumbua, aiache aone. Zuhura alitoka pale na furaha kubwa.

Kwa yote mawili, utaratibu ulikiukwa. Mwongozo wa IBS wa NICE, uliopo tangu 2008, unaitaja damu ya seliaki miongoni mwa vipimo vya kufanya kabla mtu hajabandikwa jina hilo. Na kumwambia mgonjwa aache ngano kabla ya kupimwa ni kuuondoa moshi halafu kutafuta moto.

Wiki ya tatu bila ngano tumbo lilitulia. Mwezi wa nne vidonda vya mdomoni vilikuwa vimepungua, lakini hemoglobini ilikuwa 104 tu. Daktari, kwa nia njema, akaagiza kipimo cha seliaki ili kumtoa wasiwasi. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu: kawaida, hakuna hatua inayohitajika.

Ujumbe wa namna hiyo haumtoshi mgonjwa. Namba kamili zinaonekana kwenye programu ya simu ya NHS, au huombwa mapokezi zikachapishwa, na ni haki yako. Zuhura alipozipata, karatasi ilisema: tTG-IgA, chini ya 1. Basi. Mstari wa IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina ya IgA mwilini, haukuwepo.

Kipimo hiki kilikuwa na matundu mawili. tTG-IgA hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ukiwa unakula gluteni. Gluteni ikiondoka, hushuka wiki baada ya wiki, na baada ya miezi minne mtu mwenye seliaki halisi anaweza kuonekana hana. NICE inataka mgonjwa awe amekula gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kutolewa damu. Tundu la pili ni IgA yenyewe. Wapo watu ambao mwili wao hautengenezi IgA kabisa, na miongoni mwa wenye seliaki ni kama 2 au 3 kati ya 100. Kwa hao tTG-IgA itasoma sifuri hata utumbo ukiwa umeharibika vibaya. Kwa hiyo IgA ya jumla hupimwa pamoja nayo, na ikiwa chini ya 0.07 g/L, maabara hugeukia vipimo vya kundi la IgG, aina nyingine ya kingamwili.

Mtu atauliza: kama ngano inamdhuru na ameiacha, jibu la nini tena? Swali hilo Zuhura aliulizwa na mumewe, tena kwa upendo. Mwenye utumbo nyeti anaweza kula kipande cha keki ya harusi, akaumwa jioni, yakaisha. Mwenye seliaki hawezi kujiachia hivyo maisha yake yote, maana hata chembe ndogo za kila siku huendeleza madhara kimyakimya: mifupa hudhoofika, damu haipandi, mimba zinaweza kuharibika. Hufuatiliwa kila mwaka, humwona mtaalamu wa lishe, hupewa chanjo ya nimonia. Na watoto wake, dada yake, mama yake, kila mmoja ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10. Bila jina la ugonjwa kwenye faili hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachofanyika, na mtu anayeacha ngano kwa kukisia hula kwa kukisia vilevile.

Kumtafuta wa tatu

Zuhura hakubadilisha kituo. Angeweza: Uingereza unajiandikisha kwenye kituo kingine kinachohudumia eneo lako bila kumweleza mtu sababu, na kukosa kitambulisho au barua ya makazi si kigezo cha kukukataa. Lakini kuhama huchukua muda, na mara nyingi daktari unayemtaka yumo humo humo kwenye jengo. Alipiga simu mapokezi asubuhi na kuuliza mambo matatu. Ni daktari gani hapa anayeshughulika zaidi na magonjwa ya tumbo au ya damu? Naweza kupata miadi miwili iliyounganishwa, yaani dakika 20? Naomba mkalimani wa Kiswahili wa simu. Mhudumu wa mapokezi hujua majibu ya maswali haya kuliko mtu yeyote, ila haulizwi.

Kisha akaandika nusu ukurasa, kwa Kiingereza, wa kumpa daktari mkononi. Kwa Kiswahili ulisomeka hivi:

*Nina miaka 36. Upungufu wa chuma: hemoglobini 98, ferritini 5, baada ya miezi mitatu ya vidonge, 101. Hedhi siku nne, nyepesi. Choo laini mara 3 hadi 4 kwa siku, gesi, vidonda vya mdomoni. Huzidi sana Ramadhani, ninapokula ngano nyingi. Dada yangu wa tumbo moja ana ugonjwa wa tezi ya shingo wa kinga ya mwili. Kipimo cha tTG kilikuwa hasi, lakini nilikuwa sijala ngano kwa miezi minne, na IgA ya jumla haikupimwa. Ninachoomba: kurudia kipimo nikiwa nakula ngano, pamoja na IgA ya jumla. Kama unaona haifai, naomba sababu iandikwe kwenye faili langu.*

Karatasi hii haimwambii daktari kwamba Zuhura ana seliaki. Inampa namba, inaonyesha udhaifu wa kipimo kilichopita, na inaomba jambo moja linalowezekana siku hiyo hiyo. Madaktari hukerwa na mgonjwa anayekuja na jina la ugonjwa tayari. Mgonjwa mwenye tarehe na namba huwarahisishia kazi. Sentensi ya mwisho pia ina kazi yake. Si tisho. Kukataa kwa mdomo ni rahisi, ila daktari anayelazimika kuandika sababu hurudi kuisoma historia.

Daktari wa tatu alisoma, hakutabasamu. Akauliza: "Wiki ulizotolewa damu, ulikuwa unakula nini?" Akauliza kidonge cha chuma kilinywewa na nini. Akauliza kama katika familia kuna mwenye kisukari cha utotoni. Akamwambia waziwazi kwamba inawezekana si seliaki, na akataja mengine atakayoyapima kwenye damu na choo ile ile: giardia (kimelea cha utumbo), uvimbe wa utumbo mpana, vitamini B12, asidi ya foliki, tezi ya shingo. Halafu akamwambia arudie kula ngano, jambo ambalo Zuhura hakupenda kulisikia.

Kwa maoni yetu huyu ndiye daktari anayemsaidia mgonjwa. Anakilinda kipimo. Jibu hasi analihoji kabla ya kulipokea, anakuambia nini kitafuata ikiwa majibu yatakuja hivi au vile, na hakupi faraja inayoziba njia. Daktari anayekukatalia kwa sababu iliyoandikwa na kukuelekeza urudi lini ukiona nini, huyo naye ana faida kuliko anayekubali kila unachosema. Mtu anayekuuzia kipimo cha "kutovumilia vyakula" cha IgG mtandaoni, au cha unywele, mwepuke. Havitambui seliaki, na orodha yake ya vyakula vya kuacha itakuvurugia kipimo cha kweli.

Wiki sita za chapati

Unga wa ngano una gluteni kama gramu 8 kwa kila gramu 100. Kilo moja ya unga hutoa chapati 12 hadi 14, kwa hiyo chapati moja ina unga wa gramu 75 hivi, sawa na gluteni gramu 6. Andazi la kawaida ni gramu 2 na ushei, na slesi moja ya mkate ni kama hivyo. Wataalamu wengine wameridhika na gramu 3 kwa siku. Wengine wanataka 10 ili kipimo kisikose nguvu. Zuhura alipangiwa slesi mbili za mkate asubuhi na chapati moja jioni, jumla gramu 10. Ingekuwa Ramadhani, mpango ungekuwa daku na futari, na ungetimia vilevile, kidonge cha chuma kikikaa wakati wa kulala.

Makosa yanayotokea hapa ni haya. Mtu hula vizuri wiki mbili, anaumwa, anapumzika siku kumi, anamalizia wiki ya mwisho na kwenda kupimwa. Au anadhani chapati za unga wa mtama zinahesabika. Au anakula ngano nyingi wikendi tu. Anayeumwa sana asijilazimishe kimya: hupiga simu kwa daktari, na huweza kutolewa damu mapema, wiki ya pili au ya tatu, kwa kuwa jibu chanya likipatikana mapema linatosha kuendelea. Asiyeweza kabisa hupelekwa kwa mtaalamu, ambaye anaweza kuagiza kipimo cha vinasaba vya HLA-DQ2 na DQ8. Hicho hakihitaji kula ngano. Kikiwa hasi, seliaki karibu imeondoka mezani. Kikiwa chanya hakithibitishi chochote, kwa sababu takriban theluthi ya watu wenye afya wanavyo.

Zuhura alirudiwa na kuhara siku ya nne na vidonda wiki ya tatu. Alimaliza sita.

Majibu, na hatari ya mwisho

IgA ya jumla 1.9 g/L, ya kawaida. tTG-IgA 64, ambapo maabara huhesabu zaidi ya 10 kuwa chanya. Choo hakikuwa na giardia. Daktari aliandika rufaa kwa mtaalamu wa tumbo siku hiyo hiyo, na akampigia simu kumwambia asiache ngano bado.

Simu hiyo moja iliokoa miezi. Kati ya damu chanya na kamera, yaani mrija unaopitishwa mdomoni kuangalia utumbo na kuchukua vipande vyake, wagonjwa wengi huacha ngano kwa furaha ya kupata jibu, wanasubiri foleni ya hospitali, na kamera inapofika utumbo umeshaanza kupona. Zuhura alishuka hadi slesi mbili kwa siku, kwa ruhusa, akasubiri.

Kwa nini kamera, kama damu imeshasema? Kwa watoto Ulaya, tangu 2012, tTG iliyozidi mara 10 ya kikomo pamoja na kipimo cha pili cha damu chaweza kutosha bila kipande cha utumbo, na tangu 2020 madaktari wa tumbo wa Uingereza wameruhusu njia inayofanana kwa watu wazima walio chini ya miaka 55. Ya Zuhura ilikuwa mara 6.4. Haikufika.

Hutakiwi kula kwa saa 6 kabla ya kamera. Ukichagua dawa ya usingizi mwepesi lazima mtu mzima akurudishe nyumbani, na huendeshi gari kwa saa 24. Ukichagua kupuliziwa ganzi kooni tu unaondoka mwenyewe. Shughuli huchukua dakika 5 hadi 15. Jambo la kusema wakati unatia sahihi fomu: "Mtachukua vipande vingapi?" Jibu linalotakiwa ni angalau vinne, kimoja kikitoka kwenye balbu, mwanzoni mwa duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Madhara ya seliaki huwa ya mabakamabaka. Kipande kimoja chaweza kuangukia sehemu nzima. Na daktari wa kamera akikuambia utumbo unaonekana mzuri, vipande vichukuliwe hata hivyo, kwa sababu kubapa kwa vijidole mara nyingi hakuonekani kwa jicho.

Maabara iliandika Marsh 3b, daraja la kupimia uharibifu wa utumbo, yaani vijidole vimebapa kwa kiasi kikubwa. Damu chanya na utumbo ulioharibika vikikutana, jina huandikwa.

Aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaweza kufuata njia hiyo hiyo, ila uzito wa hatua hubadilika. Kipimo cha tTG hupatikana kwenye maabara kubwa za binafsi kwa kulipia, na IgA ya jumla iombwe kwa jina lake, haiji yenyewe. Vipande vya utumbo peke yake visitoshe kutoa hukumu, kwa sababu huko utumbo hubapa kwa mambo mengi: giardia, kifua kikuu cha tumbo, VVU, maambukizi ya kurudiarudia ya maji machafu. Dawa ya shinikizo la damu iitwayo olmesartani nayo huweza kuleta picha hiyo hiyo kokote duniani. Bila damu chanya, mtu anaweza kunyimwa ngano maisha yake yote kwa ugonjwa ambao ungetibika kwa wiki mbili za dawa.

Baada ya jina

Jikoni kwa Zuhura kulibadilika kidogo kuliko alivyohofia, kwa kuwa wali, ugali, mihogo, mtama, vitumbua vya mchele na mkate wa kumimina vyote vimo salama. Vilivyomshika pabaya ni vitu vya pembeni: unga wa lishe uliochanganywa na ngano, hingi ya dukani ambayo mara nyingi hukorogwa na unga wa ngano, uji wa shayiri, na mafuta yaliyokaangiwa sambusa kisha yakakaangiwa viazi. Unga wa mahindi unaosagwa kwenye mashine inayosaga na ngano haumfai. Bidhaa iliyoandikwa kuwa haina gluteni lazima iwe na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.

tTG hurudiwa baada ya miezi 6 na 12. Inapaswa kuwa inashuka. Isiposhuka, karibu kila mara ngano inaingia mahali fulani, na mtaalamu wa lishe ndiye wa kuitafuta pamoja nawe, mlo kwa mlo. Chuma alirudia kunywa, safari hii kwa maji, na hemoglobini ilipita 120 kabla ya mwaka kuisha. Mifupa ilipigwa picha ya kupima ujazo wake.

Watoto walipimwa kabla ngano haijaondolewa nyumbani, jambo ambalo daktari alilisisitiza mara mbili kwa sababu familia nyingi huipindua nyumba nzima siku ya jibu na kuwaharibia watoto kipimo. Kijana wa miaka 13 alitoka hasi. Mdogo wa miaka 8, ambaye hakuwa akilalamika chochote zaidi ya kuwa mfupi kuliko wenzake darasani, alitoka na tTG zaidi ya mara 10 ya kikomo, akaandikiwa rufaa kwa daktari wa tumbo wa watoto. Kijana atapimwa tena akipata dalili, au baada ya miaka michache hata bila dalili. Dada wa Tanga ametumiwa picha ya ile nusu karatasi ili ampelekee daktari wake wa tezi, huku akiendelea kula mkate wake kila siku.